Panne za Stéphane

— Zima! Stéphane, zima injini, unaua motokari!

Djafari alikuwa amesimama mbele, mchanga umemmeza mpaka kwenye vifundo, mikono juu kama polisi wa roulage, wa barabarani, aliyepoteza firimbi. Land Cruiser ya Stéphane ikanguruma, ikatoa moshi wenye kunuka nywele zilizoungua, lakini magurudumu yakabaki palepale, hayana habari.

Stéphane akazima. Kimya kikaja, joto likaja nyuma yake.

— Panne ya tatu, motokari ya tatu kukufa leo, akasema Albertine kutoka kivulini mwa Pajero. Laurent, bwana yangu, hii Sahara yako ungeniletea ku televizyo, ningeiona nikiwa nimekaa.

Laurent, bwana yake, alikuwa ndiye mwenye wazo. Aliwaambia kwamba huku juu ya plateau ya Kundelungu, mwezi wa nane, nyasi zikishaungua, kunabaki mchanga mweupe mpaka macho yanachoka. "Sahara yetu," alisema, "na haiombi viza." Basi wakaja motokari tatu. Asubuhi Pajero yake ilichemka mpaka ikapiga mluzi, wakaipoza kwa maji ya kunywa. Kiisha Land Rover ya Djafari ikavunja springi, wakaifunga kwa kipande cha mti na mipira ya chambre à air, ile ya ndani ya gurudumu. Sasa hii.

Safari ilikuwa ya Stéphane kuuaga ujana wake. Mahari ya Virginie ilikuwa imekwisha kutolewa miaka mitatu iliyopita, walikuwa wanakaa pamoja Kamalondo, na ndoa ya kanisa ilikuwa mlangoni. Padri alikuwa amekwisha kusoma matangazo mara mbili. Kesho Jumapili angeyasoma mara ya tatu na ya mwisho, aulize kama kuna mtu mwenye kujua kizuizi.

Virginie ndiye aliyelazimisha kuja pamoja na Stéphane. Stéphane aliwapelekea wenye maduka bidhaa Sakania na Kasenga, na motokari yake ilikuwa inakufa njiani vibaya sana, karibu kila Ijumaa. Virginie alitaka siku moja aone panne kwa macho yake mwenyewe.

Basi akaiona.

Na huyu Virginie, hata kama hajakanyaga garaji siku moja, alijua motokari kuliko machauffeur wengi wa mjini. Alijifunza kwa telefone. "Cheri, usiningoje, pompe imekufa huku Sakania." Na yeye, kwa upendo, akauliza: pompe inakaa fasi gani? Inafanyaka kazi gani? Stéphane akaeleza polepole, vizuri kama mwalimu, mpaka mwanamke akalala akiota pompe.

Kwa hiyo sasa akasogea karibu na boneti, akafunga kitambaa vizuri kichwani, akasema:

— Haiwezi kuwa embrayage.

Laurent akageuka.

— Eh, mama! Weye unajua embrayage?

— Si ile yenye kushikanisha injini na vitesi, zile gia? Kama inateleza, injini inalia lakini motokari haiendi. Lakini ya kwetu haiwezi kuteleza, iko mupya. Si Djafari mwenyewe aliifunga mu mwezi wa ine? Ile Ijumaa mulilala Minga.

Djafari alikuwa amekwisha kuingia chini ya motokari. Ilionekana miguu tu.

— Mupya? sauti yake ikacheka kule chini. Shemeji, nani alikudanganya? Hii embrayage haijaonaka ufunguo tangu itoke kwa Bajapon. Ata rangi ya mu fabrique, ya kiwandani, ingali ku bulon na nati zake. Na mi kulala Minga? Mi silalake nje ya...

Miguu ikaacha kutingishika.

Stéphane akakohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

— Ao labda nilisahau, ile sauti ya chini ikasema. Mi nasahauka sana.

— Ata mi nasahauka, Albertine akasema. Lakini fasi nililala, apana.

Virginie hakucheka. Aliinama, akaongea na miguu.

— Djafari. Na radiateur ya Kasenga, uliiunga?

— Radiateur?

— Na pompe ya Sakania, mbele ya Noeli? Na courroie, ule mukanda? Na ile siku ya mvua, Stéphane alisema ulikuya na Land Rover kumuvuta mpaka karibu na Luano?

Djafari akakaa kule chini kama mtu aliyepata kiwanja, anangojea tu kujenga.

— Virginie, Stéphane akasema. Tutaongea ku nyumba.

— Ku nyumba gani? Ile yenye unarudiaka Jumamosi?

Akageuka, akaondoka juu ya mchanga, viatu mkononi.

Albertine alimfuata mbio. Mwanamke huyu alikuwa na roho nzuri, lakini habari mbaya zilimpendeza kama dagaa kapenta yenye pilipili.

— Dada yangu, mi nilikuwa najua. Sikusema juu ya kuchunga ndoa ya bantu bengine. Lakini motokari yenye kukufa paka siku ya Ijumaa tu, hiyo haiko motokari, hiyo iko mwanamke.

— Nyamaza, Albertine.

— Nimenyamaza. Lakini nguo zake zilikuwa zinanuka nini?

Virginie hakutaka kujibu, lakini pua ina kumbukumbu yake. Kila Jumamosi alichemsha maji ya kuoga, akapokea shemizi ya Stéphane, shati lake la safari, ili afue mafuta ya motokari. Na mafuta hayakuwako. Hata tone. Shemizi ilinuka kamfa, ile ya kupaka kifuani, na tumbako kidogo. Alijiambia, labda mafundi wa Sakania wanaumwa kifua.

— Zilinuka dawa, akasema polepole.

— Dawa! Albertine akashika mdomo. Basi kuna mutoto. Mwanamke mwenye mutoto muchanga anapaka kamfa usiku. Mama weee, Virginie! Na kesho padri anasoma!

Kule kwenye motokari wanaume walikuwa wanabishana. Djafari alitoka chini mwishoni, kwa sababu hata mwongo anahitaji hewa, akaeleza bila kumtazama mtu: mafuta ya boîte ya vitesi yamevuja yakaingia kwenye embrayage, ndiyo maana inateleza. Inabidi kupigia garaji simu. Lakini réseau ya simu hapa haipo, isipokuwa juu ya kile kichuguu kikubwa.

Telefone ya Djafari ilikuwa imelala, haina chaji. Ya Laurent, ya Albertine na ya Virginie hazikuwa na uniti za kupigia. Ikabaki ya Stéphane, naye akaikamata kama mtu anayekamata kuku wa jirani.

— Lete, Virginie akasema nyuma yake. Mi niko mwepesi. Nitapanda.

— Hapana, nitapanda mwenyewe.

— Stéphane. Mu ile telefone kuko nini?

Wote wakamtazama. Akampa.

Virginie akapanda kichuguu kwa miguu mitupu. Alipofika juu, kabla hajatafuta namba, telefone ikatetemeka mkononi, message ikaingia, nyingine nyuma yake:

"Stéphane, anakatala kula tangu jana. Analia jina yako."

"Amesema hatameza dawa kama haukuya. Fanya mbio. FATOUMA"

Akaisoma mara mbili. Kiisha akaisoma kwa sauti, kwa sababu juu ya kichuguu mtu anasikika mbali, na hakukuwa tena na kitu cha kuchunga.

— Fatouma iko nani?

Upepo tu.

— Nauliza! Fatouma iko nani?

Djafari akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu.

— Iko... iko dada yangu, shemeji.

— Dada yako! Njo maana ulikuwa unamuvuta na Land Rover! Ulimuvuta mpaka mu kitanda ya dada yako!

— Walahi si vile! Dada yangu iko mujane, iko mama ya heshima, anapita miaka makumi sita...

— Basi nani analia? Nani anakatala kula?

Djafari akamtazama Stéphane. Stéphane akatazama mchanga.

— Haiko mwanamke, Virginie. Na haiko mutoto.

— Iko nani?

— Siwezi kusema hapa.

— Basi sikia, nakuambia mbele ya hawa bantu. Kesho padri atauliza kama kuko kizuizi. Mi mwenyewe nitasimama. Bibi-arusi. Nitasema: padri, kizuizi iko, jina yake Fatouma, anakaa sijui fasi gani, lakini bwana yangu anajua njia yake ata usiku. Umenisikia?

— Nimekusikia.

— Na wewe Djafari?

— Ata bandege ya juu imesikia, shemeji.

Akapiga simu ya garaji. Fundi akajibu kwamba kipande hicho hana, na kama angekuwa nacho, Kundelungu haendi leo wala kesho. Virginie akashuka.

Djafari akakuna kichwa. Akawatazama wote mmoja mmoja, mpaka macho yake yakatua kwenye mfuko wa Albertine.

— Kuko unga?

— Unga ya nini?

— Ya bukari, ya ugali.

— Hiyo ni chakula yetu ya mangaribi! Albertine akaukumbatia mfuko.

— Embrayage inateleza juu ya mafuta. Tukimwaga unga mu kidirisha yake, unga utakunywa mafuta, itashika. Baba yangu alifanyaka vile ku njia ya Kindu.

— Basi leo tunapikia motokari, Laurent akasema. Ikisema haijashiba, mi nalia.

Wakaimwagia. Unga ukapeperuka, Djafari akawa na uso wa mzimu, na Albertine akaomboleza kila kiganja kwa jina. Djafari akatoa masharti:

— Stéphane, ikishika, usiguse embrayage tena. Usisimame. Usibadilishe vitesi. Ya tatu, polepole, mpaka ku njia ngumu. Ukisimama hapa mu muchanga, tumekwisha. Lakini ile levier yako, ule mukono wa vitesi, ni muzee, inarukaka. Inaomba mutu mwepesi akae pembeni, aikamate na mikono mbili, asiiachilie.

Mtu mwepesi alikuwa mmoja tu.

— Mi sikai naye, Virginie akasema.

— Shemeji, Laurent iko kilo mia moja. Albertine... mi sisemi kitu juu ya Albertine.

— Jaribu kusema, Albertine akamwambia.

Virginie akaitazama njia, mchanga mtupu. Akawaza mama yake aliyemngoja Kamalondo na kitenge cha kesho. Akapanda, akafunga mlango kwa nguvu mpaka kioo kikalia.

Wakasukuma. Land Cruiser ikapiga chafya, ikanguruma, ikateleza, ikashika. Nyuma Albertine akapiga vigelegele kwa hasira, kwa ajili ya unga wake.

Wakaenda. Stéphane mikono kwenye usukani, Virginie mikono kwenye levier, ikitetemeka kama mbuzi anayejua leo ni sikukuu. Motokari haiwezi kusimama. Mlango hauwezi kufunguliwa. Hakuna wa kuita. Virginie akaliona hilo kwanza.

— Stéphane.

— Angalia levier.

— Naiangalia. Sasa sema. Ao naachilia.

— Virginie, usicheze!

— Mi sichezi. Tutalala hapa mpaka nyasi itaota ku magurudumu. Moja...

Akalegeza mkono mmoja. Levier ikaruka kidogo, injini ikalia.

— Ni baba yangu! Stéphane akapiga kelele. Kamata! Ni baba yangu!

Akakamata.

— Baba yako alikufa.

— Hakukufa.

Motokari ikaruka shimo. Virginie alitazama mbele, na mdomo wake ulijaribu maneno mawili matatu, ukayaacha.

— Baba Zéphirin? Wa reli? Si mbele ata ya kukaa na bajomba zangu juu ya mahari ulisema alikufa? Si mama yangu alilia?

— Nilisema.

— Si ulinipeleka ku kaburi?

— Nilikupeleka.

— Mi nilipalilia ile kaburi, Stéphane! Kila mwaka, siku ya bafu, ya marehemu wote, mu mwezi wa kumi na moja! Nilinunua maua! Mule ndani kulikuwa nani?

— Sijui. Kibao kilikuwa kimeanguka.

Akataka kulia, kicheko kikamtangulia, vyote viwili vikatoka pamoja puani.

— Juu ya nini? Mutu anazika baba yake mu kinywa juu ya nini?

Stéphane akakwepa kichuguu. Alisema bila kugeuka, kama mtu anayesoma njia.

— Siku ya kwanza nilikuya kwenu, unakumbuka mama yako aliniuliza nini? Mbele ata ya kuniuliza kazi?

Virginie alikumbuka. Mama yake humuuliza kila mtu.

— Aliuliza kama kwenu hakuna balozi, bachawi.

— Njo pale. Kule ku camp ya reli, batoto babili ba majirani balikufa mu mvua moja. Kukakuya mutu wa maombi, akazunguka camp mzima, akaonyesha nyumba ya baba yangu. Muzee mwenye alikaa peke yake, anaongea na redio yake, nani atamutetea? Balichoma kiti yake. Balichoma matela yake ya kulalia. Yeye mwenyewe balikuwa banamutafuta. Nilimuficha mu hii motokari, hapa nyuma, chini ya bâche, ile turubai. Mi na Djafari. Fatouma akafungua mulango wa parcelle yake, nyumba yake ya ku Naviundu, hakuuliza ata neno moja. Yeye mwislamu, sisi bakatoliki, hakuuliza.

— Na Ijumaa?

— Ijumaa Fatouma anaendaka kulala kwa mama yake. Muzee hawezi kubaki peke yake. Akisikia bantu wanapita ku njia na sauti, anafikiri banarudi na moto. Anaingia chini ya kitanda. Basi nalalaka ku mulango yake. Jana nilimuacha na Fatouma juu ya hii safari, njo maana anakatala kula.

Kamfa, tumbako. Virginie akaitazama mikono yake juu ya levier.

— Ungeniambia.

— Ningekukosa.

— Ungeniambia mi, hapana mama!

— Virginie, weye na mama yako, neno likiingia sikio ya mumoja linatoka mu kinywa ya mwingine.

Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilimuuma zaidi.

— Mwanamke ningejua namna ya kupigana naye, akasema. Ningemutafuta ku soko, tungevuana kitambaa, watu wangetuamua. Sasa mi nipigane na nani? Ulinifundisha pompe, Stéphane. Ulinifundisha radiateur. Nilikuwa nasimulia barafiki zangu kama bwana yangu ananielezaka kila kitu!

Machozi yalikuwa yanamtoka Stéphane, lakini hakuthubutu kuondoa mkono kwenye usukani kuyapangusa, basi yakateremka yenyewe, yakachora njia kwenye unga na vumbi.

Mchanga ukaisha. Magurudumu yakapanda kwenye udongo mwekundu, mgumu.

— Hapa unaweza kuachilia, akasema. Tunaweza kusimama.

— Usisimame.

— Virginie...

— Nimesema usisimame. Naviundu. Moja kwa moja.

Jua lilikuwa halijazama walipoingia parcelle ya Fatouma, Land Rover nyuma yao. Fatouma alikuwa anapeta mchele. Alimwona Virginie, akamwona ndugu yake Djafari akiwa mweupe kwa unga kama mzimu, akaelewa.

— Karibu mwanangu, akamwambia Virginie. Jambo yako. Muzee iko ndani. Labda weye utamulisha, mi ananiona kama askari.

Mzee Zéphirin alikuwa amekaa kando ya kitanda, koti la reli limefungwa vifungo vyote, redio kwenye magoti. Alikuwa mwembamba, mrefu, na masikio makubwa ya Stéphane kabisa. Virginie akapiga magoti.

— Jambo baba.

— Jambo. Uko nani?

— Niko Virginie. Bibi ya Stéphane.

Mzee akaweka redio kando. Kiisha akainama, akauliza polepole, kama jambo la siri:

— Basi uniambie weye, juu huyu mutoto hasemi vizuri. Mulinizika wapi?

Mlangoni Stéphane akafunika uso.

— Baba... kulikuwa kaburi moja muzuri. Karibu na muti ya mutarakwe.

— Bantu balikuya mingi?

— Mi nilikuya. Kila mwaka. Nilikuwa nakuwashia mushumaa.

— Aaa, mzee akasema. Njo maana mwezi wa kumi na moja nasikiaka joto.

Virginie akacheka mpaka akakamata kitanda. Mzee naye akacheka, meno yake matatu nje, na kicheko kilipokwisha alikuwa amekamata mkono wa Virginie, haachilii.

— Mi sikuua batoto, mama.

— Najua, baba.

— Haujui. Hakuna mwenye anajua. Lakini aksanti kusema.

Akala. Si nyingi, vijiko vichache vya mchele na mchuzi, lakini Fatouma alisimama mlangoni anahesabu kila kijiko kwa midomo.

Ndipo telefone ya Virginie ikalia. "MAMA."

Stéphane akamkaribia, sauti chini:

— Sema tuko mu panne. Nakuomba. Kesho ipite tu, kiisha tutamwambia polepole.

Virginie akamtazama kama mtu anayemwona mwanafunzi mbovu akirudia kosa lilelile. Akafungua simu, akaweka sauti kubwa.

— Virginie! Uko wapi? Tangu asubuhi nakuita! Kitenge kimefika, na kesho ni matangazo! Motokari imekufa tena?

— Hapana mama. Motokari iko nzima. Niko Naviundu, niko namulisha baba ya Stéphane.

— Baba gani?

— Zéphirin.

— Si alikufa?

— Alikufa mu kinywa ya Stéphane, juu weye uliuliza swali. Balimwita mulozi, mama. Balimuchomea vyombo. Stéphane akaogopa ungenikataza.

Kule upande mwingine pumzi ilisikika, nzito.

— Na ni kweli?

— Nini?

— Kama iko...

— Mama, nimekaa naye, mikono yangu iko mu mikono yake. Anaomba chumvi. Kesho nitaingia naye mu kanisa, banc ya mbele. Kama uko na neno, padri atauliza, utasimama, utasema. Mi sitakukataza.

Simu ikakatika. Hakukata Virginie.

— Umetuua, Stéphane akasema.

— Siye tulikuwa tumekufa kitambo, Virginie akasema. Mpaka maua nilishapeleka.

Jumapili kanisa lilijaa kama kawaida. Virginie alipita katikati polepole, amemkamata mkwe wake kiwiko, koti la reli limepigwa pasi na Fatouma mwenyewe. Watu wa camp walikuwemo. Walimjua. Minong'ono ikakimbia kwenye viti kama moto wa nyasi, mama mmoja akavuta mtoto wake karibu. Mzee akasimama katikati.

— Turudi, mama. Bantu ni mingi.

— Usisimame, baba, Virginie akamwambia sikioni. Polepole, lakini usisimame.

Wakafika. Upande mwingine wa kanisa mama yake alikuwa amekaa, kitenge kipya, rozari imekazwa kwenye vidole, hamtazami mtu.

Mwisho wa misa padri akachukua karatasi yake.

— Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Wanataka kufunga ndoa takatifu: Stéphane, mutoto wa marehemu Zéphirin na wa marehemu Lydie, pamoja na Virginie. Mwenye kujua kizuizi, aseme.

Stéphane akamkamata baba yake mkono.

Benchi moja ikalia. Mama ya Virginie alikuwa amesimama.

Virginie akafunga macho.

— Padri, mama akasema, na sauti yake ikafika mpaka mlangoni. Kuko kosa.

— Kosa gani, mama?

— Hapo mwanzo. Umesoma marehemu mara mbili. Ya mama sawa, Mungu amupumzishe. Lakini ya baba uifute. Yule muzee iko hapa ku banc ya mbele, tangu Injili iko anakohoa, ananisumbua kusali.

Kanisa likapasuka kicheko. Hata wale wa camp, wengine. Wengine hapana. Mzee Zéphirin akageuka, akainamisha kichwa kwa mama yule, naye akajibu kidogo tu, kwa kidevu, akakaa. Hakuja kumsalimu. Lakini alipokaa, alikaa benchi moja mbele zaidi ya ile aliyotoka.

Nje Albertine alikuwa anasimulia habari ya unga wake kwa mtu wa nne. Djafari alimngoja mzee na Land Rover yenye springi ya mti, mlango wazi. Stéphane akamvuta Virginie pembeni, kwenye ukuta.

— Umenisamehe?

Alitazama shemizi yake, nyeupe, imepigwa pasi. Bado ilinuka kamfa.

— Ijumaa hii, akasema, tunaenda wote babili. Weye utalala ku mulango, mi nitamupikia. Na ukipiga simu tena kusema pompe, mi nitamuuliza Djafari.

— Sawa. Lakini umenisamehe?

Virginie akafunga kitambaa chake kichwani, akaanza kutembea kuelekea kwa mzee.

— Bado, akasema bila kugeuka. Lakini usisimame.